Chakula cha kufungasha mtaani kwako: jinsi ya kuchagua kabla njaa haijakuchagulia

Nilipohamia kitongoji ninachokaa sasa, niliharibu mwezi mzima wa milo ya jioni. Nilikuwa natoka kazini nimechoka, nafungua simu, natafuta picha inayong'aa kuliko zote, naagiza. Chipsi zilifika zimelegea kama kamba iliyolowa. Kuku alikuja na ngozi iliyogeuka utando, na saladi ilikuwa imeiva kwa joto la huyo kuku aliyewekwa kando yake. Nikawa nawalaumu wapishi. Baadaye niligundua kwamba wawili kati yao walikuwa wapishi wazuri kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa naagiza vitu visivyoweza kusafiri, tena kutoka mbali, tena saa mbaya.

Chakula cha kufungasha kina safari. Kinapikwa hapa, kinaliwa kule, na katikati kuna mvuke, mtikisiko na dakika zinazokwenda. Ndiyo maana swali la "mgahawa gani mzuri hapa mtaani?" halikufikishi popote. Uliza chakula gani, kutoka jiko gani, saa ngapi, na kwa umbali gani. Hatua zilizo hapa chini zitakuchukua wiki tatu hadi nne ukizifuata zote, kwa sababu hakuna mtu mwenye tumbo wala mfuko wa kufanya majaribio kila jioni.

Hatua ya 1: Anza ukiwa umeshiba

Mwenye njaa hana miiko, na macho yake nayo huwa hayaoni vizuri. Chagua siku ya mapumziko, kula kwanza, kisha toka kwa miguu. Zungukia eneo unaloweza kulifikia kwa dakika kumi na tano za kutembea. Ukitaka kuongeza eneo la pili, hesabu dakika kumi za chombo cha moto. Usihesabu kilometa, maana kilometa tatu za barabara tupu na kilometa tatu zenye msongamano ni safari mbili tofauti kwa sahani ya chipsi.

Pita mara mbili, kabla ya chakula cha mchana na jioni watu wanaporudi makwao. Katikati ya mji migahawa hujipanga barabarani ikikuita, lakini vitongoji huficha majiko yake. Jiko zuri linaweza kuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kando ya dobi, au kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, dirisha moja na ubao wa chaki. Andika kila unachokiona, hata ambacho hukitamani.

Halafu uliza watu. Ukiuliza "wapi kuna chakula kizuri?" mtu atakutajia mahali alipopelekwa siku ya sherehe. Uliza hivi: "Wewe mwenyewe jana ulinunua wapi, na ulinunua nini?" Muulize mlinzi wa usiku, dereva wa teksi, fundi anayejenga kwa jirani, muuguzi anayetoka zamu. Hawa hula cha kununua siku tano au sita kwa wiki, kwa pesa yao, bila muda wa kupoteza. Watu watatu wasiojuana wakikutajia jiko lilelile, liwekee alama kabla hujalionja.

Hatua ya 2: Simama nje, tumia pua na macho

Kabla ya kuingia, simama dakika tano ng'ambo ya barabara. Ndiyo, utaonekana kama mpelelezi. Vumilia.

Anza na pua. Mafuta ya kukaangia yakiwa mazima, unachonusa ni kile kinachokaangwa: samaki ananukia samaki, kiazi kinanukia kiazi. Yakichoka hutoa harufu yake yenyewe, kali, inayokwaruza koo na kubaki kwenye nguo. Mafuta yanayopashwa siku baada ya siku huvunjika. Rangi hugeuka kahawia nzito, povu hubaki juu bila kukatika, na moshi huanza kutoka kwenye joto la chini kuliko yalipokuwa mapya. Kukaanga vizuri kunataka joto la kama nyuzi 175 hadi 190 za Selsiasi. Kwenye joto hilo maji yaliyomo ndani ya chakula huchemka na kutoka nje kwa nguvu, ndiyo zile cheche za mapovu unazoziona, na mafuta hayapati nafasi ya kuingia sana. Mpishi mwenye mafuta yanayofuka moshi mapema hushusha moto, na hapo ndipo chakula kinapotoka kimelowa mafuta hadi kwenye karatasi.

Kisha tazama wanaotoka. Foleni inasema kitu, lakini angalia ni foleni ya nani. Wapeleka oda wenye masanduku mgongoni wanaonyesha kwamba jiko linauza sana kwenye simu. Watu waliovaa ndala, waliotoka majumbani mwao kwa miguu na sufuria mkononi, wanaonyesha jiko linaloaminiwa na majirani. Mimi nafuata ndala. Wateja wengi wana faida nyingine pia: chakula kinachoisha upesi hakipati muda wa kukaa na kuharibika.

Mwisho, mikono. Anayepokea pesa ndiye anayeshika chakula? Kama ndiye, ananawa katikati? Glavu zisikuhadae. Glavu iliyoshika noti, ikashika simu, kisha ikashika mkate, haina tofauti na mkono mchafu. Tafuta sinki la kunawia lenye sabuni ambalo halijajazwa sufuria. Tafuta na kitambaa cha kupangusia. Kikiwa kimoja kwa meza, kwa kisu na kwa jasho la mpishi, umeshapata jibu, endelea na safari yako.

Kuna nchi na miji ambako matokeo ya ukaguzi wa afya hubandikwa mlangoni. Los Angeles ilianza kutumia herufi (A, B, C) kama alama za usafi mwaka 1998, New York ikafuata mwaka 2010, na Wales ilifanya kubandika alama kuwa lazima kisheria mwaka 2013. Kama unakoishi kuna utaratibu wa namna hiyo, isome karatasi na tarehe yake. Kumbuka tu kwamba inapima usafi na taratibu za jiko siku ile mkaguzi alipofika. Kama mchuzi una ladha, karatasi haijui.

Hatua ya 3: Soma menyu kama hesabu

Husemwa kwamba menyu fupi ni dalili ya jiko zuri. Si mara zote. Unachotakiwa kuhesabu ni kazi zinazofanyika jikoni, si majina yaliyoandikwa ukutani. Menyu ya majina arobaini inaweza kuwa kuku, samaki, mboga, michuzi mitatu, wali na tambi, vikizungushwa kwa mpangilio tofauti. Jiko hilo linaweza kuwa la haraka na lenye vitu vibichi kila siku, kwa kuwa kila kiungo kinatumika na kuisha.

Tilia shaka menyu ya majina kumi na tano yasiyo na undugu: piza, samaki wa kuchoma, tambi za kukaanga, baga, supu ya kamba, keki. Kila kimoja kinataka moto wake, chombo chake na mtu anayekijua. Jiko la watu wawili haliwezi kubeba yote hayo, kwa hiyo vingi vinatoka kwenye friza vikapashwa moto. Friza si dhambi, ila usilipie kupikiwa wakati unapashiwa.

Na usinune ukiambiwa "kimeisha". Jiko linalokwambia saa mbili usiku kwamba samaki wamekwisha linanunua na kupika kwa makadirio ya siku. Jiko ambalo kwa mwezi mzima halijawahi kuishiwa kitu chochote, hata saa tano usiku, lina akiba kubwa mahali fulani, na ungependa kujua akiba hiyo ina umri gani.

Hatua ya 4: Chagua saa kabla ya kuchagua chakula

Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka. Jiko moja, mpishi mmoja, sufuria moja: saa saba mchana chakula ni kizuri, saa kumi na moja jioni ni hatari.

Bakteria wengi wanaosumbua tumbo hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama lilizozitoa mwaka 2001, linasema hivi: cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, na chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Sababu yake ni hesabu. Mazingira yakiwa mazuri kwao, baadhi ya bakteria hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja tu, akipewa saa saba, huzaa zaidi ya milioni mbili.

Rudi sasa kwenye lile kabati la kioo lenye balbu ya njano, lenye vipande vya kuku vinavyong'aa. Balbu hupendezesha chakula, lakini haikihakikishii joto. Ukiona kioo kina ukungu wa mvuke na mhudumu anatumia koleo kwa tahadhari asiungue, sawa. Ukiona anakishika kipande kwa vidole bila wasiwasi, hicho ni vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali ambayo bakteria wanaitaka.

Uliza bila kuona haya: "Samahani dada, huyu kuku ametoka jikoni saa ngapi?" Nimegundua kwamba majibu huwa ya aina tatu. Wa kwanza anajibu papo hapo: "Saa sita na nusu, kaka. Wengine wanatoka baada ya dakika kumi, ukitaka subiri." Huyo nampa pesa yangu. Wa pili anageuka kumuuliza mpishi, si mbaya. Wa tatu anasema "ni wa leo" huku anatazama pembeni. Leo ina saa ishirini na nne.

Vyakula viwili vinastahili uangalifu wa pekee. Wali ni wa kwanza. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani saa nyingi, mbegu huchipua, bakteria huongezeka na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto tena, na kutapika huweza kuanza ndani ya saa chache. Kwa hiyo wali wa kukaanga uliotengenezwa kwa wali wa jana unategemea kabisa ule wa jana ulilala wapi. Cha pili ni mchuzi mzito wa nyama kwenye sufuria kubwa. Sufuria ya lita ishirini ikizimwa moto hupoa polepole mno, na katikati yake huwa joto la kuzalia kwa saa nyingi. Anayependa eneo hilo ni Clostridium perfringens, na tumbo huanza kusokota saa 6 hadi 24 baadaye, wakati umeshasahau ulichokula. Mchuzi salama ni ule unaochemka mbele yako, au uliopoozwa haraka kwenye vyombo vifupi vipana.

Kanuni yangu ya saa ni hii. Mchana naenda ndani ya saa moja ya kwanza tangu sufuria zifunguliwe. Usiku naenda mapema, au nasubiri pilika yenyewe. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni sinunui kitu ambacho sikukiona kikipikwa. Na dakika za mwisho kabla ya kufunga naagiza tu kinachokaangwa au kuchomwa baada ya mimi kuagiza, hata wakinipunguzia bei. Hasa wakinipunguzia bei.

Hatua ya 5: Pima dakika kutoka jikoni hadi mdomoni

Chukua saa. Pima muda kuanzia kifuniko kinapofungwa hadi unapokaa kula, si muda wa barabarani peke yake. Ongeza kusubiri lifti, kutafuta funguo, kuwaita watoto mezani. Safari niliyodhani ni ya dakika kumi ilikuwa ishirini na mbili.

Dakika hizo ndizo zinazoamua uagize nini, kwa sababu adui wa chakula kilichofungwa ni mvuke. Chakula cha moto hutoa maji, maji yanagonga kifuniko, yanageuka matone, yanarudi chini. Chochote kilichokuwa kikavu na chenye kukwaruza meno kinalainika. Ndiyo maana chipsi hufa kwanza. Ukila ndani ya dakika tano hadi nane umezipata. Zikifika dakika kumi na tano kwenye kasha lililofungwa, unakula viazi vilivyopikwa kwa mvuke.

Kwa safari ya chini ya dakika kumi, agiza utakacho, hata vya kukaanga. Kati ya kumi na ishirini na tano, chagua vya kuchoma bila unga, piza kwenye boksi la karatasi ngumu linalonyonya unyevu, mikate ya kujaza nyama kavu, kuku wa kukaanga mwenye gamba nene (gamba jembamba halifiki). Zaidi ya hapo hamia kwenye vyakula vyenye majimaji: michuzi, maharage, supu, mboga za kuungwa, wali. Hivi havipotezi kitu kwa mvuke, na mchuzi ukikaa dakika arobaini ukiwa bado wa moto sana haudhuriki hata kidogo. Tambi ziko katikati kwa tabia ya ukaidi: tambi za kukaanga huvumilia, tambi zilizo ndani ya supu huendelea kunywa supu hadi zinageuka uji, labda mgahawa ukufungie supu peke yake.

Angalia pia chombo. Kasha la karatasi lenye vitundu juu linafaa kwa vya kukaanga. Kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana linafaa kwa mchuzi na kuvuja hakuna. Ukiligeuza plastiki chini utaona namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, inayostahimili joto. Namba 6 ni polistairini, na lile povu jeupe ni aina yake. Chakula chenye mafuta ya moto sana hulilainisha. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku makasha hayo ya povu tangu Julai 2021, hasa kwa sababu ya taka zinazoishia baharini. Kama jiko unalolipenda bado linayatumia, nenda na chombo chako. Mara nyingi hawakatai, na wengine hupakua zaidi kidogo.

Hatua ya 6: Oda ya majaribio

Usijaribu jiko jipya kwa chakula chao kinachosifiwa. Jaribu kwa kitu cha kawaida kisicho na pa kujificha: wali mweupe, chipsi tupu, mboga ya kuungwa, kuku asiye na mchuzi. Viungo vingi na jibini la kuyeyuka hufunika makosa. Wali mweupe unakwambia kama mpishi anasikiliza moto wake. Mboga inakwambia kama wananunua kila siku.

Onja mara mbili kabla ya kuhukumu, jioni ya katikati ya wiki jiko likiwa limetulia, na usiku wa mwisho wa wiki likiwa limezidiwa. Wapo wapishi wazuri kwa watu kumi na wabaya kwa watu hamsini. Siyo aibu, ni habari tu, na utaitumia.

Kama jiko limefunguliwa juzi, kipya kinyemi ingawa kidonda. Wiki za mwanzo vipande huwa vikubwa, mwenyewe anasimama kaunta, kila mtu anatabasamu. Onja, furahi, halafu rudi baada ya miezi miwili ndipo uandike.

Unaandika nini? Mistari kwenye simu inatosha: chakula, saa, dakika za safari, kilifikaje. Orodhesha kwa jina la chakula, si la mgahawa. Hakuna mgahawa mzuri kwa kila kitu. Kuna samaki wa kona ile, supu ya dirisha lile, na mkate wa jirani yao. Ukiorodhesha hivyo, siku ukitamani supu hutapotea kwenda kununua supu kwa mtu wa samaki.

Hatua ya 7: Simu, kwa tahadhari

Programu za kuagizia chakula zina faida yake siku ya mvua. Jua tu kwamba katika nchi nyingi huchukua kamisheni kwa mgahawa, mara nyingine hadi asilimia 30 ya oda. Jiko lenye faida ndogo hulifidia pengo hilo kwa kupandisha bei ndani ya programu au kupunguza kipimo. Kwa hiyo tumia simu kugundua jiko, kisha lipigie moja kwa moja au nenda mwenyewe. Mara nyingi utalipa pungufu, na utazifuta zile dakika ambazo mpeleka oda anapitia nyumba mbili kabla ya kwako.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: duka linalokutumia punguzo kila siku lichunguze. Angalia na anwani. Siku hizi jiko moja linaweza kuonekana kwenye simu kama migahawa sita yenye majina sita, moja la baga, moja la mabawa ya kuku, moja la saladi. Anwani ikiwa ileile, mpishi ni yuleyule na mafuta ni yaleyale.

Kwenye maoni ya wateja, acha nyota tano na acha nyota moja. Soma za katikati, za miezi mitatu ya karibuni, ukitafuta lalamiko linalojirudia. "Kilichelewa" mara moja ni bahati mbaya ya mtu. "Kilifika baridi" mara tisa ni utaratibu wa kazi. Picha za wateja, zile zilizopigwa gizani juu ya goti, zina ukweli kuliko za mgahawa.

Hatua ya 8: Agiza kwa maneno yanayosaidia

Mpishi hajui unakaa wapi. Mwambie: "Nina safari ya dakika ishirini, nifungieni mchuzi pembeni." Sentensi hiyo moja imeokoa milo yangu mingi. Omba pia kifuniko cha vya kukaanga kiachwe wazi kidogo, vya baridi viwe kwenye mfuko wake, na kinywaji kisikae juu ya kasha la moto. Ndani ya gari weka mfuko sakafuni mahali tambarare, maana kiti kina mteremko na mchuzi huujua.

Mwenye mzio, au mwenye mtoto mwenye mzio, asiseme tu "bila karanga". Aulize kama kikaangio na mafuta ni yaleyale yaliyopikia kitu chenye karanga. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataja vitu 14 vya mzio ambavyo mgahawa lazima uvieleze, pamoja na ufuta, samaki, maziwa na haradali. Hata pasipo sheria ya aina hiyo, muuzaji anayejali atakujibu kwa uhakika au atakwambia wazi kwamba hana uhakika. Akisema "haina neno" bila kwenda jikoni kuuliza, usinunue.

Jambo moja la mfukoni: pika wanga nyumbani, nunua kazi. Wali na viazi vya kuchemsha huchukua dakika ishirini kwenye jiko lako na gharama yake ni ndogo. Kitu kilichochomwa juu ya makaa kwa saa mbili, au mchuzi wa viungo kumi na tano, hicho ndicho cha kumlipa mtu. Oda ya watu wanne inaweza kushuka kuwa vipande viwili vikubwa vya nyama na mchuzi, huku sufuria ya wali inakusubiri.

Hatua ya 9: Kikifika

Fungua vifuniko vyote mara moja, hata kama hujakaa kula. Chipsi zilizolegea zipeleke kwenye oveni yenye nyuzi 200 kwa dakika chache, au kwenye kikaangio kikavu. Maikrowevu itazilegeza zaidi, na kasha la foili usilitie humo kabisa. Kata kipande kinene cha kuku hadi mfupani. Kama nyama bado ni laini ya kung'aa na inateleza kama mbichi, usiile. Wekundu kidogo karibu na mfupa peke yake si lazima uwe ubichi; mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74.

Kitakachobaki kiingie friji ndani ya saa mbili tangu kipikwe, na muda wa safari umo ndani ya hesabu hiyo. Kisambaze kwenye chombo kifupi kipoe haraka. Kiporo cha wali kiliwe kesho yake, kipashwe mara moja tu hadi kifuke mvuke katikati. Usitegemee pua hapa, kwani chakula kinachoumiza mara nyingi hakinuki.

Kikija kibaya, piga picha kabla hujakigusa, piga simu saa ileile, na sema jambo moja mahususi: "Samaki ni mbichi katikati," si "chakula chenu hakifai." Nilifanya hivyo kwa jiko moja mwaka jana. Mpishi mwenyewe alikuja kwenye simu, akauliza kipande kilikuwa kinene kiasi gani, akanipikia kingine. Lingine nililopigia mwezi huohuo lilinikatia simu. La kwanza liko kwenye orodha yangu hadi leo, chini ya neno "samaki", na pembeni nimeandika: jioni ya Jumatano, wafungie mchuzi peke yake, dakika kumi na nne.